Fundi Anajibu: Usukani unaocheza na mbele isiyotulia

Barua za safari hii zimetoka kwa wenye magari ya porini, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: kifaa kipya kimeshafungwa kabla mtu hajajua kilicholegea ni kipi. Tumeanza na barua iliyotutia wasiwasi kuliko zote.

SWALI: *Nina Land Cruiser mkonga, HZJ79 ya mwaka 2004, nabeba watalii. Nikiwa spidi 70 hadi 80, nikikanyaga shimo au kiungo cha daraja, mbele yote inaanza kutetemeka na usukani unanipiga mikono kushoto na kulia. Haitulii mpaka nishuke hadi 40. Fundi alifunga shokapu mpya ya usukani, ikatulia wiki sita. Sasa imerudi na imezidi. Nibadilishe nini tena?*
Dereva wa watalii, Karatu

JIBU: Usibadilishe chochote bado, kaka. Na mpaka tatizo lijulikane, usibebe abiria. Kila mtetemeko wa namna hiyo unapanua matundu ya bolti na kuzidi kulegeza kilichokwisha kulegea, ndiyo maana safari hii umerudi kwa nguvu zaidi.

Ekseli ya mbele ya gari lako ni moja, imetoka tairi la kushoto hadi la kulia, na tairodi imeyafunga matairi yote mawili pamoja. Shimo likilisukuma tairi la kulia, la kushoto nalo linasukumwa. Viungo vikiwa vimebana, mtikiso unafia hapo hapo. Viungo vitatu au vinne vikiwa na nafasi ndogo kila kimoja, matairi yanaanza kurushiana, kila moja likimrudishia mwenzake, mpaka spidi ishuke. Shokapu ya usukani inameza mtikiso huo, lakini haizibi nafasi hata moja. Wiki sita ulizotulia ni muda ambao shokapu mpya ilikuwa na nguvu ya kuficha ubovu. Basi iondoe kwa muda wakati wa kupima; gari zima la aina hii linatakiwa kutulia hata bila hiyo.

Anza na matairi, kwa sababu hayana gharama. Osha tope lililoganda ndani ya rimu. Piga jeki, weka kijiti karibu na tairi, lizungushe taratibu kwa mkono: likipanda na kushuka kwa zaidi ya milimita 3 hivi, au likiyumba pembeni, rimu imepinda au tairi limevimba ndani. Kisha balansi. Kumbuka tu kwamba tairi bovu huanzisha mtetemeko, na kulegea kwa viungo ndiko kunakouendeleza. Ukibalansi peke yake utasogeza tatizo kutoka spidi 70 hadi 85, halafu utadhani umepona.

Sasa mtafute mtu wa pili. Gari likae juu ya matairi yake kwenye sakafu ngumu, kavu, hendibreki imevutwa, vigingi nyuma ya matairi, injini inaunguruma ili usukani uwe mwepesi. Mwenzako akae kwenye usukani auzungushe kushoto na kulia, kama sentimita 10 kila upande, haraka haraka bila kufika mwisho. Wewe ukiwa chini, tazama na uguse kila kiungo kwa mpangilio, vidole vikiwa mbali na fimbo zinazotembea:

Shafti inayoingia kwenye stelingi boksi (boksi la gia za usukani) na mkono unaotoka chini yake vinatakiwa kuanza kutembea pamoja. Mkono ukichelewa, boksi ina nafasi. Boksi yenyewe ikisogea juu ya chesisi, bolti zimelegea au chesisi imepasuka pale. Safisha uchafu na grisi yote kabla ya kusema hakuna ufa. Kisha kila tairodi endi, yaani kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani: weka kiganja juu ya kiungo, ukihisi mgongano mdogo, kimekwisha. Mwisho itazame ile fimbo ndefu iliyolala kutoka chesisi hadi ekseli, panhadi. Kazi yake ni kuizuia ekseli isiende pembeni. Ukiona usukani ukigeuka na mwili wa gari unahama pembeni juu ya ekseli kabla matairi hayajageuka, bushi za panhadi zimekwisha, au tundu la bolti limekuwa na umbo la yai. Hili la pili watu wanalisahau: bushi mpya ndani ya tundu la yai haitamaliza mwezi. Tundu lijazwe kwa kuchomelea na kutobolewa upya na mtu anayejua kazi hiyo.

Sasa piga jeki chini ya ekseli, weka stendi, tairi moja liwe hewani. Shika tairi juu na chini, kama saa 12 na saa 6, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki ya mguu na wewe ulitikise tena. Kuchezacheza kukitoweka, tatizo ni beringi za habu (kitovu cha gurudumu), kwa sababu breki imeifunga habu isitembee. Kukibaki vile vile, ni beringi za kingpini, zile mbili, ya juu na ya chini, ambazo tairi hugeukia. Kipimo hiki cha breki ni cha sekunde tano, na kinaokoa fedha nyingi ambazo watu wanatupa kwenye beringi za habu ambazo hazikuwa na kosa.

Hata kama kingpini hazichezi waziwazi, kwa gari lililopiga barabara ya Naabi Hill, lango la Serengeti, mwaka baada ya mwaka tunakushauri uzipime. Beringi hizi hazizunguki. Zinakaa mahali pamoja na kupigwa nyundo na barabara, hivyo roli zinachimba vijishimo kwenye vikombe vyake, hasa pale gari linapoenda moja kwa moja. Matokeo yake ni beringi isiyo na mbano na usukani unaonasa katikati. Upimaji ni huu: fungua tairodi, toa sili ya nyuma inayofuta tufe la chuma kwenye ncha ya ekseli ili msuguano wake usikudanganye, kisha vuta ncha ya mkono wa kingpini, ule unaofungwa tairodi, kwa mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia samaki. Kwa Land Cruiser 80 kitabu kinataka kilo 3 hadi 6 ndipo ianze kugeuka. Kwa 79 yako chukua kipimo cha kitabu cha modeli na mwaka wake. Ikigeuka kwa kilo moja, hiyo ndiyo nyumba ya mtetemeko wako.

Mbano unaongezwa kwa kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vilivyo chini ya vifuniko. Kuwa makini: jumla ya shimu zote ndiyo inayoamua mbano, lakini mgawanyo wake kati ya juu na chini ndio unaoiweka shafti ya mbele katikati ya bomba. Shimu za juu na za chini zisichanganywe mezani. Ukibadili beringi badili na vikombe. Roli mpya juu ya kikombe chenye vijishimo ni kazi ya bure. Na nati za mkono wa kingpini zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza (Nm 96 kwa Land Cruiser 80), zikiwa na koni zake zote, zile washa zenye umbo la pia, kisha zirudiwe baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Stadi hizo zina sifa mbaya ya kulegea kimya kimya na kukatika, na zikikatika huna usukani.

Ukifungua ukakuta supu nyeusi badala ya grisi, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu inaosha grisi. Ibadilishe hapo hapo.

Kwa gari lako tunaziweka bushi za panhadi na beringi za kingpini mbele ya kila kitu, zikifuatiwa na bushi za mikono miwili inayoivuta ekseli. Bushi zote za mpira zikazwe gari likiwa limekaa juu ya matairi, siyo likiwa limening'inia kwenye jeki. Ukizikaza likiwa hewani, mpira unabaki umejisokota kila siku na unachanika mapema. Shokapu ya usukani irudishwe mwisho kabisa.

Na likikushika tena njiani kabla ya matengenezo: achia mafuta, shika usukani imara bila kupigana nao, gusa breki kidogo kidogo, usikate kona.

SWALI: *Usukani wa Land Cruiser 80 yangu unazunguka karibu upana wa kiganja kabla gari halijaitika. Fundi anasema akaze ile skrubu ya juu ya stelingi boksi tu, kazi ya dakika kumi. Nimruhusu?*
Msomaji, Dodoma

JIBU: Siyo kwanza. Vitabu vya Toyota vya magari ya aina hii vinaruhusu usukani kucheza hadi milimita 30 au 40 kwenye ukingo wake, kutegemea modeli, kwa hiyo hiyo yako imepita. Lakini nafasi inayoonekana mkononi ni jumla ya nafasi zote za njiani: viungo vya shafti ya usukani ndani ya chumba cha injini, boksi, tairodi endi nne. Boksi ni moja tu kati ya hizo. Fanya kwanza kipimo cha watu wawili tulichomweleza mwenzako wa Karatu. Ukikuta boksi haina hatia na skrubu imeshakazwa, umejiongezea ugonjwa wa pili.

Gia za ndani ya boksi zimetengenezwa zibane katikati, pale gari linaposhika njia iliyonyooka, na zilegee kidogo pembeni. Katikati ndipo panapolika kwanza kwa sababu ndipo usukani unapokaa muda mwingi. Mtu akiikaza skrubu usukani ukiwa umegeuzwa, anaondoa nafasi iliyowekwa kwa makusudi, na ukirudi katikati gia zinasagana. Utaijua hali hiyo: baada ya kona usukani haurudi wenyewe, na kwenye lami unalazimika kulisahihisha gari kila dakika. Wengi wanasema gari limekuwa zito na thabiti. Ukweli ni kwamba boksi inajila.

Ikithibitika kwamba boksi ndiyo inayochelewa, inua magurudumu ya mbele, weka usukani katikati kabisa, weka alama ya rangi kwenye skrubu na kwenye kifuniko ili uweze kurudi ulikotoka. Legeza nati ya kufungia, geuza skrubu kwa mwelekeo wa saa sehemu ya nane ya mzunguko, shikilia skrubu isigeuke huku ukikaza nati. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukihisi sehemu yoyote inayonasa, rudi nyuma. Ukikaza mara mbili kwa kiasi hicho bila badiliko, boksi inahitaji kufunguliwa, na skrubu haitasaidia tena.

Kagua pia oili ya usukani. Magari haya yanatumia oili ya gia otomatiki aina ya Dexron II au III. Ikiwa na povu, hewa inaingia kwenye mpira wa kuvutia oili, na usukani utanguruma na kuwa mwepesi na mzito kwa zamu.

SWALI: *Habari za gereji. Nina Suzuki Jimny JB23. Niliweka springi za kuinua inchi mbili na tairi kubwa za matope zilizotoka nje kidogo. Sasa kwenye lami inatangatanga kama imelewa, na nikitoka kona lazima niurudishe usukani mwenyewe. Alaimenti nimefanya mara mbili. Pia usukani umekaa upande.*
Mwenye Jimny, Nanyuki

JIBU: Alaimenti ya kawaida hurekebisha matairi yanavyotazamana tu. Kwa ekseli moja iliyonyooka, kilichoharibika kwako hakirekebishwi na ile mashine. Ni kasta, yaani mwinamo wa kingpini ukilitazama gari kutoka ubavuni. Tazama uma wa baiskeli: umelala, na ndiyo sababu mtu anaweza kuachia mikono na gurudumu la mbele likajishikia njia. Ekseli yako imefungwa kwenye mikono miwili inayotoka nyuma kwenye chesisi. Ulipoinua mwili, ncha ya nyuma ya mikono ilipanda nao, ekseli ikainamia mbele, na ule mlalo ukapungua. Mkono wa sentimita 90 ncha yake moja ikipanda sentimita 5 unageuka digrii 3 hivi. Mkono mfupi zaidi unapoteza zaidi. Magari mengi ya namna hii yana digrii chache tu za kuanzia, kwa hiyo ulichobakiwa nacho ni kidogo sana.

Kabla ya kununua kitu, hakikisha kingpini hazijanasa, kwa sababu dalili zinafanana. Piga jeki mbele yote, fungua fimbo inayotoka stelingi boksi, geuza matairi kwa mkono. Yakigeuka laini mwisho hadi mwisho bila kushika katikati, lawama inabaki kwa kasta.

Tiba ni bushi za kasta, zenye tundu lisilo katikati, zinazopigwa kwenye mikono upande wa ekseli. Zina alama ya upande wa kukaa. Zikifungwa kinyume zinaondoa hata kile kidogo kilichosalia, nalo ni kosa linalotokea mara nyingi. Lenga kurudisha kipimo cha kiwandani, usizidishe, maana kasta iliyopita kiasi nayo huleta mtetemeko. Baada ya hapo angalia propela shafti ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kwa kuwa kuizungusha ekseli hubadili pembe ya kiungo chake.

Usukani kukaa upande kuna maelezo yake. Gari likiinuka, panhadi inasimama zaidi na kuvuta ekseli kuelekea upande ilipofungwa kwenye chesisi. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi chesisi pande zote mbili. Tofauti ikiwa ya sentimita moja au zaidi, weka panhadi inayorefushwa. Kisha rekebisha urefu wa fimbo ya boksi mpaka usukani ukae sawa. Usiwahi kuuchomoa usukani wenyewe na kuurudisha ukiwa umenyooka, kwa sababu katikati ya boksi haitakuwa tena katikati ya safari.

Kuhusu rimu zilizotoka nje: kila sentimita inaongeza nguvu inayozipiga kingpini na beringi za habu. Ukiweza, rudi kwenye rimu za kina cha awali. Na upepo ujazwe kwa kuangalia bandiko la mlangoni kama kianzio, siyo namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi, na Jimny ni gari jepesi.

SWALI: *Defender 110 yangu nikikanyaga mafuta inavuta kushoto, nikiachia inavuta kulia, na nyuma kunalia "ko!" Mbele nimebadili kila kiungo.*
Mkulima, Iringa

JIBU: Pole, fedha imeenda mbele na ugonjwa upo nyuma. Juu ya ekseli ya nyuma kuna mkono wenye umbo la herufi A, na kwenye ncha yake bolijointi (kiungo cha gololi ndani ya kikombe) moja inayoshika ekseli. Ikilika, au bushi za mikono ya chini ya nyuma zikifa, ekseli nzima inageuka kidogo kila unapobadili mafuta, na gari linaendeshwa na nyuma. Ingiza mtaimbo kati ya mkono wa A na ekseli ubane juu na chini. Pasitokee nafasi yoyote inayoonekana. Tazama kila bushi mwenzako akiliruhusu gari livute kidogo mbele na nyuma kwa klachi, wewe ukiwa umesimama pembeni, siyo chini yake.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa umesema mbele pamefunguliwa. Defender inatakiwa matairi yake ya mbele yafunguke kidogo kwa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4, kinyume na Land Cruiser. Mafundi wengi huyafumba kwa mazoea. Kupima ni rahisi: chora alama ya chaki katikati ya kila tairi upande wa mbele, kwenye kimo cha ekseli, pima kati ya alama kwa futi ya chuma, sukuma gari mbele mpaka alama zifike nyuma kwenye kimo kile kile, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo jibu.

SWALI: *Prado ya 1998 (mfululizo wa 90), nikikata kona polepole chini kulia kunalia kama mlango wenye kutu. Nitaweza kusubiri mwisho wa mwezi?*
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Hapana, mwalimu, liegeshe leo. Kwenye Prado hiyo bolijointi ya chini imewekwa hivi kwamba uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake. Ikichomoka, gurudumu linalala na kuingia chini ya bodi. Mlio wa kutu ni mpira uliopasuka na grisi iliyoisha. Jeki iwekwe chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, tairi likiwa sentimita 2 juu ya sakafu, kisha mtaimbo uingizwe chini ya tairi na kuinuliwa. Nafasi yoyote pale ni hukumu. Badilisha kushoto na kulia pamoja, tumia bolti mpya, na ununue kifaa cha kampuni unayoiamini. Hapa siyo mahali pa kutafuta bei ya chini. Alaimenti ifuate.

SWALI: *Hilux inavuta kushoto kwenye lami. Kidogo tu.*
Msomaji, Morogoro

JIBU: Barabara zetu zimeinamia kushoto ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, hivyo mvuto mdogo ni wa kawaida. Jaribu katikati ya uwanja ulio sawa. Ukibaki, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Mvuto ukihamia kulia, ni tairi. Ukibaki kushoto, endesha kilomita 10 bila kutumia breki sana, simama, karibisha kiganja kwenye rimu zote mbili bila kuzigusa: iliyo moto zaidi ina breki inayoshika, na mara nyingi ni pini za kalipa zilizokauka.